Baba Yake Yudith Bado Amesimama

Nianze na sabuni, maana ndiyo iliyonikaa kooni. Upande wa pili wa kaseti iitwayo Mizimu ya Mtera, ukisikiliza karibu mpaka mwisho, kuna mwanamke anazungumza Kigogo kwa sauti ya chini, halafu ananyamaza. Unabaki mvumo peke yake, mzito, kama mtambo ulioachwa ukiunguruma mbali. Mara wanaingia wasichana wanaimba habari za unga wa sabuni wenye povu jingi, wanaimba kwa furaha utadhani wako harusini. Mwanamke huyo ni Yudith, anauza mlenda kwenye baraza ya duka letu. Kwenye kaseti unasikia amenyamaza, lakini alikuwa hajamaliza. Walimkata.

Mimi naitwa Anifa, mke wa Harithi, mwenye duka la kurekodi kaseti hapa Majengo, Dodoma. Nimeambiwa nimezidi kulisema jambo hili, kwamba sasa inatosha, kwamba ni kaseti tu. Nitalisema hivyo hivyo. Aliyechoka kusikia aende akafue.

Yudith alikuja ile miaka ambayo biashara ziliruhusiwa na kila baraza mjini ikageuka duka. Asiyeuza mitumba aliuza redio za kutoka Dubai. Mume wangu, ambaye babu zake waliingia hapa na misafara ya pembe wakaoa wakabaki, alikuwa fundi redio. Akanunua deki mbili, akaandika ukutani "Hapa Tunarekodi", akajiona tajiri. Asubuhi moja akatokea mama mmoja mrefu, mweusi, na kikapu cha mlenda mkavu, akauliza kama anaweza kukaa kivulini mpaka jua lipungue. Nikamwambia akae. Amekaa mpaka leo.

Si mtu wa maneno mengi, lakini akisema utacheka. Mteja akimwambia mlenda wake una mchanga, humjibu, "Mchanga huo wa kwetu, sikuulipishi." Mimi ni Mama Hassani kwake, yeye ni Mama Loisi kwangu, kwa jina la binti yake. Jumapili huenda kanisani na kitenge chake cha bluu. Jioni tukifunga duka hunikunjia mkeka bila kuombwa. Basi, ni huyo. Si mganga, hana pepo, wala hajawahi kumtisha mtu. Nasema hivi kwa sababu ya hao walioweka picha ya fuvu kwenye kaseti yake.

Alizaliwa kule chini karibu na mto, kabla Mtera haijawa bwawa. Maji yalipokuwa yanakuja, watu waliambiwa wahame, wakahama. Walibeba milango, mawe ya kusagia na mbuzi. Makaburi hayabebeki. Baba yake, mzee Sila, alikuwa amezikwa uani miaka michache tu nyuma, karibu na zizi. Familia ikakimbilia kwa ndugu kule Haneti, Yudith akaolewa huko, akamzaa Loisi, akafiwa na mume, na ndipo akashuka mjini na kikapu. Ukimsikiliza akisimulia, haya yote anayapita haraka. Anapokwama ni pale pa baba.

Kwao, ukiwa na jambo zito, unakwenda kwenye kaburi la mzee wako na maji na unga, unamwita kwa jina, unamweleza. Ni lazima ufike penyewe. Wenzake wengine waliohamishwa walikuwa wakisimama ukingoni mwa bwawa na kusema wakiwa hapo. Mama yake Yudith alikataa kabisa. Alisema mtu mzima haitwi kwa mbali kama mbuzi. Akafa na mambo yake hajayasema, na Yudith akarithi mambo hayo pamoja na yake. Mume alipofariki hakuwa na pa kumwambia baba yake. Ng'ombe walipokwisha, vile vile.

Kisha ukaja ukame ule mkubwa, na mgao wa umeme. Nchi nzima ilikuwa inalia kwamba Mtera imekauka. Sisi tulilia zaidi, maana duka la kurekodi lisilo na umeme ni kabati tu. Harithi alishinda barazani akiuangalia waya wa stima kana kwamba anaudai. Yudith peke yake ndiye alikuwa anapanga kikapu chake akiwa na uso mwepesi ambao sikuwahi kuuona.

Akaniambia, "Mama Hassani, nasikia maji yameondoka juu ya baba."

Aliyemletea habari ni Elisha. Huyu alikuwa fundi wa mitambo ya umeme huko huko Mtera mpaka alipopunguzwa kazi, katika ile punguza punguza iliyowarudisha wanaume wengi nyumbani wakiwa bado na nguvu. Kabla hajaondoka alirekodi ngurumo za mashine kwa redio kaseti yake ndogo, kwa sababu, anasema, alishazoea kupumzika nazo masikioni. Wengine wanaondoka kazini na saa ya ukutani, yeye aliondoka na kelele. Akawa anakuja dukani, yeye na mume wangu wanazipunguza mwendo kelele hizo, wanazipandisha moja juu ya nyingine, wanaongeza uzi mmoja wa zeze uliovutwa polepole mpaka unasikia meno. Hakuna ngoma, hakuna kiitikio. Nilimuuliza Harithi kama hii ni albamu au friji limeharibika. Alicheka, lakini hakuacha.

Basi wakaenda Mtera watatu, juu ya lori la wachuuzi wa samaki. Mimi nilibaki na duka na giza. Harithi ndiye aliyenisimulia. Tope lilikuwa limekauka na kupasuka kila upande, visiki vimesimama, na upepo unapiga bila kizuizi. Yudith alitembea akiangalia chini mpaka akaliona jiwe la kizingiti cha kwao. Hakulia. Alipiga magoti, akasafisha mahali kwa mkono, akamimina maji, akatupa unga.

Elisha alimwomba ruhusa ya kurekodi.  Yudith akasema, "Chukua. Lakini ukianza, usizime mpaka mimi niseme nimemaliza. Hata nikinyamaza, usizime."

Elisha ni Mgogo, alielewa. Ukishawaita wazee na kuwaeleza, unanyamaza kwa muda mrefu, maana hiyo ni zamu yao ya kusema. Ukinyamaza kidogo tu umewadharau. Kisha unawasindikiza. Unawaambia umewaona, umewasikia, sasa warudi wakalale. Bila hayo hujamaliza, na hao uliowaita wanabaki wamesimama, wanangoja kuambiwa waende.

Yudith aliwaita. Alimwita Sila, na baba yake Sila, na ndugu zake kwa majina. Akawaeleza nani amezaliwa na nani amekufa, kwamba mama amefuata na amezikwa mbali nao, kwamba Loisi amemaliza shule na hajapata kazi, kwamba ng'ombe hawapo tena. Akanyamaza. Upepo ukasema wake. Halafu akawasindikiza: "Rudini mkalale. Nimewaona. Maji yakirudi msishtuke, ni maji tu." Harithi hajui Kigogo zaidi ya salamu, Elisha ndiye aliyemtafsiria baadaye, lakini anasema aliposikia sauti ya mwisho ile alijikuta amevua kofia.

Mwishoni mwa mwaka mvua zile kubwa zikashuka, bwawa likajaa, umeme ukarudi, watu wakashangilia mitaani. Yudith aliuliza tu kama ni kweli limejaa kabisa. Tukamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa, akaendelea kupima mlenda.

Albamu waliiita Chini ya Maji. Mvumo wa Elisha, zeze, kazi ya mikono ya mume wangu, na katikati yake Yudith anaongea. Haimbi. Anaongea kama mtu aliyeketi mkabala na mtu. Ilipokamilika waliipiga barazani mchana, naye akasikiliza mkono ukiwa juu ya kikapu. Ule ukimya ulipofika, kinyozi wa jirani akapiga kelele kwamba kaseti imekwisha, na Elisha akamwashiria angoje. Sauti ikarudi, ikawasindikiza wazee. Yudith akasema, "Ndivyo." Tangu siku hiyo wafugaji waliokuwa wakija mnadani wakawa wanapita kwetu kwa ajili ya kaseti hiyo. Walikuwa wanakaa barazani kimya mpaka mwisho, wanainuka, wanashukuru na kuondoka. Sijawahi kuona wateja wa muziki wenye adabu kama wale.

Kama mambo yangebaki hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini akaja Mrisho.

Mrisho alikuwa kijana wa Kariakoo, msambazaji wa kaseti, mwenye shati la hariri na maneno laini. Alikuja kutuuzia kaseti tupu, akaisikia albamu, akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho na kwamba nchi nzima itaitaka. Akaomba masta, ile kaseti ya kwanza ambayo nyingine zote hunakiliwa kutoka kwake. Harithi alimpa nakala yake moja safi na kumwambia mara mbili, asikate kitu.

"Kaka," Mrisho akasema, "mimi ni msambazaji, si kinyozi."

Tulicheka wote. Hata Yudith alicheka.

Baada ya miezi kaseti zikaingia sokoni kwa maboksi. Jina limebadilishwa, fuvu jekundu limewekwa mbele, na mahali pa jina la Yudith pameandikwa "Sauti ya Mizimu". Hayo tungeyameza. Harithi akatia moja kwenye deki, tukasikiliza, Yudith akiwa pale pale na kikapu chake. Upande wa pili ukaenda, akawaita wazee, akawaeleza, akanyamaza. Tukangoja. Wakaja wasichana na sabuni yao.

Nilidhani Harithi amebonyeza kitu. Akairudisha nyuma, akaipiga tena, na sabuni ikaja tena. Akachukua nyingine kutoka kwenye boksi, nayo hivyo hivyo. Yudith alisimama. Uso wake ulikuwa umekwisha. Akauliza, "Hizi ziko ngapi?" Hakuna aliyejua, lakini sote tulikuwa tumeelewa anauliza nini. Alikuwa anauliza baba yake ataamshwa mara ngapi.

Na kweli aliamshwa. Kinyozi aliipiga, baa iliipiga, vijana wa kuchoma chipsi waliipiga kutisha wasichana. Redio moja ikaiweka kwenye kipindi cha vituko, mtangazaji akifanya sauti ya kutetemeka. Kila mahali mzee Sila anaitwa kwa jina lake, anaambiwa mjane ni nani na yatima ni nani, anangoja, anauziwa sabuni. Watu wakicheka. Mimi ni Mwislamu, mambo ya kutambika si yangu na sitayafanya. Lakini adabu ninaijua. Mgeni ukimwita kwako unamsindikiza, walau mpaka kwenye kona. Hata mtu aliyekuja kukukopa unamsindikiza. Wao wamewaita wazee wa watu kutoka ardhini, kisha wamewafungia mlango usoni, na wamejaza pale mahali tangazo la biashara. Hasira niliyonayo mpaka leo ni hiyo.

Yudith akaanza kuzunguka. Akisikia kaseti inalia kwenye kibanda, anaacha mlenda wake, anakwenda, anasimama pale mpaka ule ukimya ufike, na kabla ya sabuni anasema mwenyewe maneno ya mwisho, kwa Kigogo, taratibu, kisha anarudi. Mara ya kwanza watu walimpisha. Baadaye wakaanza kumwita kichaa, huyu mama wa mlenda anayeongea na redio. Mlenda ukawa unalala bila kuuzwa. Alikonda. Nilimwambia, "Mama Loisi, huwezi kufika kila penye redio." Akanijibu, "Najua. Ndiyo maana sipati usingizi."

Harithi alimtafuta Mrisho kwa simu ya posta mpaka akachoka. Mrisho alipokuja, alikuja kwa mambo yake: uzinduzi wa kaseti, alasiri, ukumbi wa hoteli, mabango ya sabuni ukuta mzima. Wasanii wote watatu wamealikwa. Yudith alivaa kitenge chake cha bluu, nikamfunga kilemba mimi mwenyewe.

Mrisho alimwamkia vizuri. "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba. Kisha kijana akashika kipaza sauti, akasifu soko huria, akasifu sabuni, akasema sasa atawapa nafasi wasanii, tukianza na sauti yenyewe. Ukumbi ukapiga makofi. Yudith akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mrisho," akasema. "Njoo usimame hapa mbele yangu."

Mrisho akaja anatabasamu.

"Mrisho, nimekuita kwa jina lako, watu wote wakisikia. Nina jambo la kukuambia."

Halafu akanyamaza. Akarudi kwenye kiti, akaketi, akaweka mikono mapajani. Mrisho akangoja. Akaangalia watu, akaangalia saa, akacheka kidogo, akabadilisha mguu. Kuna mtu nyuma akaguna. Mrisho akasema, "Mama, nipo. Unasemaje?" Yudith hakusema. Mrisho akaanza kurudi kwenye kiti chake, akaona aibu, akasimama tena katikati, hajui mikono aiweke wapi. Jasho lilikuwa limeshaloanisha hariri yake.

Ndipo Yudith akaongea, bila kipaza sauti. "Umesimama hapo muda wa kunywa chai, na umeshateseka. Baba yangu umemsimamisha tangu ulete kaseti zako. Mruhusu akalale."

Hakuna aliyecheka. Elisha alisimama akaeleza kwa Kiswahili nini kilikatwa, na nini maana ya ule ukimya. Mrisho alisikiliza, na kwa kweli uso wake ulibadilika. Alisema hakuelewa lugha, alisikia kimya akadhani kaseti imekwisha, na redio ikinyamaza watu wanadhani imekufa. Alimwomba mama radhi mbele ya wote. Nikaanza kumsamehe, haki ya Mungu.

Kisha akasema, "Mama, huo mwisho ni mzuri mno. Tutautoa kwenye kaseti ya pili. Watu wataununua."

Alisema hivyo. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, macho yanang'aa, akidhani anatoa zawadi. Nimewaona watu wabaya maishani na sikuwahi kumwona aliyenikasirisha kama yule kijana mwema. Auze maneno ya kumlaza baba wa mtu. Asiye na uwezo wa kaseti ya pili, basi kwake wazee wasimame milele.

 Yudith alichukua mkoba wake, akatoka nje. Mume wangu, ambaye nyumbani hata kuku hamfukuzi, alikwenda kwenye kile kipaza sauti, akasema yeyote mwenye kaseti hii ailete Majengo, kwa Harithi fundi redio. Atafuta sabuni na kurudisha mwisho, na hatataka kitu. Akakiweka chini, tukamfuata Yudith.

Walikuja. Sikutegemea, lakini walikuja. Wa kwanza alikuwa kinyozi jirani. Wakaja wafugaji, wakaja wa baa, wakaja madereva wa mabasi ya Singida na Iringa. Harithi anaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu ili kaseti ikubali kurekodiwa, anafuta, anaweka mwisho. Yudith anasikiliza kila moja inapofika pale pake. Ikikamilika anasema "Ndivyo," na mwenye kaseti anapewa yake. Mlenda umeanza tena kununuliwa, na mchana siku hizi anasinzia barazani mpaka namchokoza.

Lakini yale maboksi yalikwenda Mwanza, yalikwenda Mbeya, yalikwenda Tanga, na huko Harithi hajulikani. Mrisho alihamia kwenye biashara ya simu za mkononi, na kaseti alizouza hakuzirudia. Kwa hiyo nakuambia wewe unayesoma. Kama unayo nyumbani, yenye fuvu jekundu, ilete. Duka liko pale pale. Kama Dodoma ni mbali, usiipige upande wa pili. Na kama imeshaanza kupigwa, au inapigwa sasa hivi nyumba ya pili na huwezi kuwazuia, ngoja ufike ule ukimya. Usiukatishe, ni zamu yao. Halafu sema, kabla ya sabuni: Mzee Sila, wewe na wenzako, rudini mkalale, Yudith amewaona. Sema kwa lugha uliyo nayo. Nilimuuliza Yudith kama watakusikia wewe usiye Mgogo, akaniambia mtu aliyesimama muda mrefu hivyo hachagui nani anamwambia aketi.